Pikipiki Inanguruma, Haipandi: Tujue Klachi Inayoteleza

Mwezi huu safu yetu inatoka kidogo kwenye mambo ya madaftari na kuingia kwenye mambo ya oili na spana. Msiseme, "Hiyo ni ya vijana wa boda, hainihusu." Katika kambi yetu ya Rwamwanja kuna familia nyingi ambazo ugali wao unatembea juu ya magurudumu mawili. Pikipiki ikilala, na mtoto analala bila daftari. Kwa hiyo mama mwenye pikipiki asiyeijua kuiendesha, na yeye asome.

Tunaandika kwa sababu jambo hili limetupata sisi wenyewe, na kosa lilikuwa letu. Tutalieleza lote.

Sisi walimu wawili wa kujitolea ndio tunaoshika daftari la kikundi kidogo cha akiba cha familia nne. Kikundi kina pikipiki moja, Honda CG125 ya zamani. Aina hiyo ilianza kutengenezwa miaka ya 1970, na ni pikipiki ngumu isiyo na mambo mengi. Anayeiendesha ni kijana wa mama mmoja mjane wa kikundi. Msimu uliopita wa kahawa aliomba aende nayo Kyarumba, kule Kasese, kwa sababu wajomba zake wako huko na wakati wa kahawa mizigo haikosekani. Wengi mnajua kwamba sisi tuliotoka upande wa Beni na Butembo tukifika kwa Wakonzo hatuhitaji mkalimani. Kinande na Lhukonzo ni ndugu, ukisema "Wabukire" asubuhi unaitikiwa. Tukakubali.

Kyarumba iko juu, kwenye vilima vya Rwenzori. Ukitoka barabara kubwa ya Kasese kwenda Bwera, unakata Kinyamaseke, unapita Kisinga, halafu unapanda. Huko ni nchi ya kahawa ya arabika, na ndiko yaliko makao ya chama cha ushirika cha Bukonzo Joint. Wakulima wanakaa kwenye miteremko mikali, na magunia yanahitaji kushuka. Pikipiki inapanda ikiwa na abiria, inashuka na kahawa, inapanda tena. Kama klachi yako ina ugonjwa, mlima wa namna hiyo hautaficha.

Likizo ya Desemba tulienda kuwasalimu jamaa kule. Tulipofika, tulimkuta kijana wetu amekaa chini ya mwembe, pikipiki imesimama, uso umemshuka.

"Mwalimu," akasema, "inanguruma tu, haipandi."

"Tangu lini?"

Akanyamaza. Halafu akasema, "Wiki mbili."

Wiki mbili! Fundi mmoja alikuwa amemwambia injini imekufa. Mwingine alimwambia anunue klachi nzima, na bei aliyotaja ilikuwa kama mbuzi wawili. Wa tatu, huyu ndiye mbaya zaidi, alisema atawasaidia kuinunua kama chuma chakavu. Kijana alikuwa ameanza kufikiria jibu. Na muda wote huo hakutupigia simu, kwa sababu aliogopa tutasema ameharibu mali ya watu. Hilo tutalirudia mwishoni.

KLACHI NI NINI?

Wengine tuliosoma Kongo tunaiita ambriyaje. Ni kile kinachounganisha nguvu ya injini na gia, na kinachoiachanisha ukivuta mkono wa kushoto.

Wanafunzi, fanyeni jaribio hili. Chukueni madaftari mawili. Ingizeni kurasa za moja katikati ya kurasa za lingine, ukurasa wa huku, ukurasa wa kule, hata kurasa 20 tu. Mmoja abonyeze juu kwa kiganja, mwingine ajaribu kuyavuta yaachane. Hayaachani! Sasa inua kiganja. Yanateleza kirahisi.

Klachi ya pikipiki ni hivyo hivyo. Ndani kuna sahani za aina mbili zilizopangwa kwa zamu: moja ya chuma kitupu, moja yenye vipande vya kushika, tena ya chuma, tena ya kushika. Daftari moja ni injini, la pili ni gia. Kiganja ni springi zinazobana. Ukivuta mkono wa klachi, kiganja kinainuka na injini inazunguka peke yake. Ukiachia, springi zinabana na pikipiki inakwenda.

Klachi inayoteleza, basi, ni ile ambayo umeachia mkono lakini kurasa hazijabanwa sawasawa. Ama kiganja hakijashuka chote, ama kurasa zimelika, ama mtu amezipaka kitu cha kuteleza. Sababu ni hizo tatu. Kumbukeni hivyo, kwa sababu na matibabu yanafuata hapo hapo.

UTAIJUAJE?

Dalili ya kwanza: unaongeza mafuta, injini inapiga kelele zaidi, lakini mwendo hauongezeki. Inaanza kwenye gia kubwa, mlimani, ukiwa na mzigo. Kwenye tambarare ukiwa peke yako hutaona kitu, ndiyo maana watu wanajidanganya kwamba imepona.

Dalili ya pili: harufu ya kuungua, kali, baada ya kupanda.

Dalili ya tatu, kwa baadhi ya pikipiki: ukipiga kiki, mguu unashuka bure na injini haizunguki vizuri.

Kuna jaribio la kufanya mahali pa wazi, bila mtu mbele yako. Washa injini, bana breki ya mbele kwa nguvu, ingiza gia ya pili, achia klachi polepole huku ukiongeza mafuta kidogo. Klachi nzima itazima injini. Klachi mbovu itaacha injini iendelee kunguruma mahali pale pale. Fanya mara moja tu, usirudie rudie, maana kila mara unaichoma.

Lakini angalieni msichanganye na mnyororo. Mnyororo uliolegea kwenye meno yaliyolika unaruka na kupiga "ka! ka! ka!", na pikipiki inashtuka. Klachi haishtuki. Inateleza kimya, kama mtu anayeahidi kuja na haji.

ANZA NA KISICHO NA BEI

Mmoja wetu alipokuwa mdogo alikuwa anamshikia tochi mjomba wake kwenye gereji kule Beni. Kitu kimoja alichobaki nacho ni hiki: mjomba hakufungua injini kabla hajagusa waya. Basi tukaanza na waya.

Shika mkono wa klachi, uvute kwa kidole kimoja. Mwanzoni lazima ucheze bure kidogo kabla haujawa mgumu. Kwa pikipiki nyingi za namna hii, ncha ya mkono inatakiwa icheze sentimita 1 hadi 2. Kama hauchezi kabisa, waya umekazwa mno, na ni sawa na kutembea mchana kutwa ukiwa umevuta klachi nusu. Kiganja hakijashuka chote!

Vijana wengi wanakaza waya kwa sababu wanapenda klachi ishike mbali. Wengine hawajui kwamba sahani zikilika kidogo kidogo, nafasi ile ya kucheza inapungua yenyewe. Leo iko, mwezi ujao haiko.

Kurekebisha ni kazi ya dakika tano. Legeza nati ndogo iliyo karibu na mkono, zungusha kirekebishi mpaka nafasi irudi, kaza nati. Ikiwa hapo juu pameisha, nenda chini waya unapoingia kwenye injini, kuna nati mbili, fanya pale. Halafu geuza usukani kushoto mpaka mwisho, na kulia mpaka mwisho. Nafasi ibaki ile ile. Ikibadilika, waya umebanwa mahali. Angalia pia kama nyuzi zake zimekatika au umekauka, uutie oili kidogo.

Waya wa kijana wetu ulikuwa umekazwa kama kamba ya mbuzi. Tukaulegeza, tukapanda nayo mlima, ikapanda! Tulifurahi, tukajiona mafundi. Kijana akarudi kazini. Siku mbili baadaye ikaanza tena kunguruma.

KOSA LETU

Hapo ndipo tulipopelekwa kwa mzee mmoja fundi ambaye karakana yake ni turubai na sanduku la mbao. Hakugusa pikipiki. Aliuliza swali moja tu: "Oili mmeweka gani?"

Tukatazamana. Oili tuliinunua sisi, Novemba, kabla pikipiki haijatoka Rwamwanja. Dukani kulikuwa na ya pikipiki na ya gari. Ya gari ilikuwa na bei nafuu siku hiyo, chupa nzuri inayong'aa, imeandikwa inapunguza matumizi ya mafuta. Tukasema, oili ni oili, tuokoe pesa ya kikundi. Kwenye daftari tukaandika "oili" na bei, tukafurahi kwamba kuna chenji.

Mzee akatikisa kichwa. "Walimu," akasema, "gari na pikipiki hazilali kitanda kimoja."

Akatueleza. Kwenye magari mengi yenye gia za mkono klachi ni kavu, inakaa nje ya oili. Kwenye pikipiki nyingi kama zetu, injini, gia na klachi vyote vinaoga katika oili moja. Sasa oili nyingi za kisasa za magari, hasa zile nyepesi, zinawekewa dawa ya kupunguza msuguano. Kwa gari ni jambo zuri. Kwa klachi inayokaa ndani ya oili ni sawa na kupaka sabuni kwenye zile kurasa za madaftari. Klachi inaishi kwa msuguano!

Basi shikeni hili. Mkinunua oili ya pikipiki yenye klachi ya mkono, tafuteni kwenye chupa herufi JASO MA, au MA2. Hicho ni kipimo cha Wajapani cha kuonyesha kwamba oili haitelezeshi klachi. Iliyoandikwa JASO MB si yenu, hiyo ni ya skuta zenye klachi ya namna nyingine. Na ile namba, kama 20W-40 au 20W-50, ifuateni kama kitabu cha pikipiki kinavyosema. Kwa nyingi za cc 100 hadi 125 inaingia karibu lita 1, lakini mwamuzi ni alama za kijiti, si mdomo wa muuzaji.

Kama oili mbaya imekaa siku chache tu, ukiimwaga injini ikiwa na joto na kuweka sahihi, klachi mara nyingine inarudi yenyewe. Yetu haikurudi. Wiki zile za mlima, waya umekazwa na oili inateleza, zilikuwa zimeunguza sahani.

KUFUNGUA

Hii ni kazi ya fundi, lakini mwenye mali akae karibu atazame. Tunaeleza ili mjue kinachofanyika na pesa yenu.

Injini iwe imepoa. Mzee alimwaga oili yote kwenye jerikeni, akaifunga. Msimwage oili chafu mtaroni wala kwenye mto, maana huko chini kuna mtu anachota maji ya kunywa. Akatoa mkono wa kiki, akafungua waya, akafungua bolti za kifuniko cha kulia. Bolti hizo hazina urefu mmoja. Alichukua kipande cha katoni, akakitoboa kufuata umbo la kifuniko, kila bolti akaichomeka kwenye tundu lake. Hilo tulilipenda sana. Ukiweka ndefu mahali pa fupi unapasua injini.

Springi zilishikwa na bolti 4. Alizilegeza kwa kuvuka, huku kidogo na ng'ambo kidogo, asije akakunja sahani ya juu. Chini yake katikati kuna nati yenye spana yake maalum. Mkiona fundi anaipiga kwa patasi na nyundo, mwambieni, "Subiri kaka, tutaazima spana."

Halafu akatoa sahani moja moja, akazipanga juu ya gazeti kwa mpangilio ule ule. Akatuonyesha:

Za kushika zilikuwa nyeusi, laini kama kioo, zina harufu ya kuungua. Alizilinganisha na mpya kwa unene. Zililika.

Za chuma alizilaza juu ya kioo cha dirisha moja moja. Inayotikisika imepinda, haifai tena. Mbili zilikuwa na rangi ya bluu, alama ya moto mkali. Hizo akazitupa.

Springi akazisimamisha sambamba na mpya. Zilizofupika zimechoka. Zinabadilishwa zote pamoja, sio moja.

Kikapu kinachobeba sahani akakipitisha kidole. Kikiwa na mikwaruzo mirefu ya meno, sahani zinakwama. Chetu kilikuwa salama.

Kumbe klachi nzima haikuhitajika. Zilitakiwa sahani za kushika, za chuma mbili, springi na gasketi. Gharama ilikuwa chini sana ya wale mbuzi wawili.

Kabla ya kufunga kuna jambo ambalo wengi wanaliruka. Sahani mpya za kushika zinalazwa kwanza ndani ya oili safi, ile ile ya pikipiki, angalau saa chache, vizuri zaidi usiku kucha. Zikifungwa kavu zinaungua siku ya kwanza. Sisi tulikuwa na haraka, gunia za watu zilikuwa zinasubiri, tukamwambia mzee afunge tu. Akakataa. "Mmengoja wiki mbili mkiunguza," akasema, "mnashindwa kungoja usiku mmoja mkitengeneza?" Tukanyamaza.

Asubuhi akapanga: ya kushika kwanza, ya chuma, ya kushika, na ya mwisho tena ya kushika. Akakaza springi kwa kuvuka, bila kutumia nguvu nyingi, maana alumini ikikatika meno ni shida nyingine. Gasketi ya zamani aliikwangua kwa kijiti, akaweka mpya. Oili sahihi. Mwisho akarudi kwenye waya, akarekebisha nafasi upya. Ukisahau hilo la mwisho, mengine yote umefanya bure.

MSIFANYE HAYA

Msikubali kuwekewa washa nyuma ya springi zilizochoka ili zibane zaidi. Mkono unakuwa mgumu, waya unakatika, na sahani zilizolika hazinenepi.

Msisugue sahani zilizoungua kwa msasa mkadhani zimekuwa mpya. Zitawafikisha nyumbani, sio zaidi.

Msioshe vyuma kwa petroli karibu na jiko la mkaa au mtu anayevuta sigara. Petroli haina urafiki.

Dereva asitembee vidole vikiwa juu ya mkono wa klachi, wala asiishikilie pikipiki mlimani kwa klachi. Mlimani kuna breki. Na magunia mawili na abiria juu, hapana bwana.

WIKI MBILI ZILE

Tulirudi Rwamwanja tukaitisha kikundi. Mama wa kijana alikuja amevaa kama anayekwenda msibani. Alifikiri tutamnyang'anya mwanawe pikipiki. Tukafungua daftari, tukasoma mbele ya wote: oili ya Novemba, nani aliinunua, kwa nini. Mzee mmoja wa kikundi akacheka, akasema, "Kumbe aliyeharibu ni chenji." Gharama tukagawana familia nne, na sisi walimu tukaongeza ile chenji iliyotufurahisha.

Halafu tukamuuliza kijana kwa nini hakupiga simu. Akasema, "Mwalimu, ningesema imeharibika, mngeuliza nimeifanyia nini."

Ni kweli. Mara ngapi tunauliza hivyo? Mtoto akivunja kikombe, dada akichelewa kutoka kisimani, dereva akirudi mapema, swali la kwanza linakuwa "Umefanya nini?" Basi watu wanajifunza kunyamaza. Klachi ile siku ya kwanza ilihitaji kulegezwa waya na kubadilishwa oili, labda ingepona. Kila siku ya kunyamaza ilikula unene wa sahani. Sisi tuliinunua oili, lakini woga wa kijana ndio ulioiunguza klachi, na woga huo na wenyewe tuliupanda sisi.

Sasa kikundi kina sheria mbili mpya. Ya kwanza, chupa ya oili inaletwa kwenye mkutano, kila mtu aione ile MA kabla haijafunguliwa. Hata mama zetu wasiojua kusoma wameshazijua herufi hizo mbili. Ya pili, dereva akileta habari ya ubovu siku ile ile, hakuna anayeruhusiwa kuuliza "umefanya nini" kabla ya kuuliza "inafanyaje".

Pikipiki inapanda. Mwenye swali, alete shuleni baada ya masomo ya asubuhi, tutajibu tunaloweza, na lile tusiloliweza tutaliulizia kwa mzee wa turubai.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda. Na leo jioni, kabla ya kulala, vuteni mkono wa klachi kwa kidole kimoja.